Luku Ikikubali

Kwetu Mara neno luku lina kazi mbili. Ya kwanza inajulikana nchi nzima: umeme wa kulipia kabla, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, zile tarakimu 20 unazobonyeza ukutani huku mtoto akikumulikia kwa tochi ya simu. Ya pili wameileta vijana, na ingawa wakubwa wa Kiswahili sanifu hawajaikaribisha, yenyewe imeshakaa sebuleni na kuagiza chai. Luku ni mwonekano. Ni viatu, ni mkato wa nywele, ni namna shati linavyokaa begani, ni harufu, ni mwendo. "Ticha, leo luku imekubali," ananiambia dereva wa bodaboda hapa Mugumu siku nikitoka na koti la harusini. Asili yake ni look ya Kiingereza iliyovalishwa irabu mwishoni ikawa mwenzetu. Pale Sirari wapo wanaodai neno limeingia kutoka Kenya, wengine wanaapa ni la Dar es Salaam. Mimi sioni haja ya kulipeleka neno uhamiaji.

Mimi ni mzaliwa wa Tarime, nafundisha Kiswahili sekondari wilayani Serengeti, na kazi yangu inanilazimu kusahihisha neno hili linapojitokeza kwenye insha. Nalisahihisha. Lakini nikishaliwekea mstari mwekundu huwa nabaki nikilitazama, kwa sababu linafanya kitu ambacho maneno ya kamusi hayafanyi. Mtu akiwa maridadi, au mtanashati, hiyo ni sifa yake. Mtanashati ni mtanashati hata akiwa amelala. Mlimbwende naye hubeba ulimbwende wake kila aendako. Luku si sifa ya mtu, ni tendo. Watu hupiga luku, hutupia luku. Na ikishapigwa bado haijawa kitu mpaka ikubali. Angalia sarufi yake: kiima cha sentensi ni luku yenyewe, si aliyeivaa. Imekubali. Na inaweza kugoma, ukavaa vilevile kama mwenzako na ikakataa kabisa. Nani anayekubali au kukataa? Ni macho ya watu. Huwezi kupiga luku peke yako gizani, na hapo ndipo maana hizi mbili za neno zinapokaribia kugusana, ingawa hakuna aliyekusudia.

Luku ya Mugumu ni ya mtumba. Siku ya kufungua belo jipya vijana wanawahi kabla jua halijapanda, na anayepata raba nzuri anaweza kuimiliki na wenzake wawili, kila mmoja na siku yake. Pasi ni ya mkaa. Picha inapigwa mbele ya gari la mtu mwingine. Kule Nyamongo, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza uzalishaji mwaka 2002, hesabu ni nyingine kidogo: pesa ya mchimbaji mdogo huja kwa mshindo, na huondoka kwa mshindo, kupitia pikipiki, saa na kinyozi. Kuna jambo hunichekesha kuhusu dhahabu. Ikiwa bado ndani ya mwamba haing'ari hata kidogo. Unaweza kukalia jiwe lenye utajiri ukadhani ni jiwe la kukalia. Kung'ara kwake kunaanza ikishauzwa.

Na upande wa pili wa mizani wapo watalii. Wanashuka kwenye ndege ndogo wamevaa rangi ya vumbi, nguo ghali zilizoshonwa zionekane kama zimelala porini wiki nzima. Kijana niliyemfundisha alipata kazi kwenye kambi moja ya watalii, akapewa shuka jekundu na rungu asimame mlangoni. Mkurya, mwana wa Mkurya, kavalishwa Umaasai. "Ticha," aliniambia akiwa likizo, "ile siyo luku yangu, ile ni luku ya mlango." Nimeiandika sentensi hiyo mahali. Sijapata mwanafalsafa aliyenieleza tofauti hiyo kwa maneno machache kuliko hayo.

Watu wazima wengi hudharau luku. Wahubiri wanaisema madhabahuni, wazazi wanaisema kikaoni, nasi walimu tunaisema mstarini kila Jumatatu. Hoja ni ile ile: nje kunameta, ndani giza, ni uongo uliovaliwa. Wanaisimu wangewaunga mkono kwa namna fulani. Neno la Kiingereza glamour lina undugu na grammar, yaani sarufi. Waskoti walilichukua neno la elimu ya vitabuni wakaligeuza kuwa neno la uchawi wa kufunga macho, na karne ya 19 mwandishi Walter Scott akalisambaza. Kwa mwalimu wa sarufi hiyo ni habari ya kufurahisha. Lakini maana ndiyo hiyo: kiini macho. Unaoneshwa kisichokuwepo.

Nchi yetu nayo iliwahi kulichukulia jambo hili kama suala la usalama. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 minisketi, mawigi, krimu za kuchubua ngozi na suruali za kubana vikawa adui wa taifa. Hata kabla ya utekelezaji kuanza, wanawake walisumbuliwa mitaani Dar es Salaam kwa sababu ya sketi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mtoto wa Butiama, alivaa suti yake nyepesi isiyo na tai. Watu huichukulia kama ushahidi kwamba hakujali mwonekano. Sidhani. Ile suti ilikuwa luku iliyokubali kuliko zote zilizowahi kupigwa nchi hii, hata leo mtu akiivaa tunajua anataka tumfikirie nani.

Kwa hiyo siko pamoja na wanaosema luku ni uongo tu. Nikitaka kujikumbusha kwa nini, naangalia pwani. Unguja, utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa hawakungoja mtu awaandikie hotuba. Waliziacha kaniki na merikani, nguo zilizowatambulisha kama mali ya mtu, wakazidi kujitanda kanga za rangi na maua, doti kwa doti. Waliokuwa mabwana wao bila shaka waliona kiburi. Lakini je, mwanamke yule alikuwa anadanganya? Alikuwa anasema jambo la kweli ambalo macho ya jirani yalikuwa bado hayajajifunza kuliona. Wakati mwingine luku hutangulia, na ukweli hufuata nyuma ukihema.

Ningeweza kuishia hapo, nikawatetea vijana wa mtumba na kila mtu akafurahi. Tatizo ni kwamba naishi Mara, na luku kubwa kuliko zote za Tarime na Serengeti haipatikani kwenye belo. Ni ya saro.

Msomaji wa mbali nimweleze. Kwa Wakurya saro ni tohara, na tohara ni msimu. Wazee wa mila wa kila ukoo hukaa, husoma ishara wanazozijua wao, na wakiridhika hutangaza mwaka. Mara nyingi huwa ni mwaka unaogawanyika kwa mbili, na mara nyingi ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Wavulana hutahiriwa. Wasichana hukeketwa, ingawa sheria tangu 1998 inasema anayemkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ametenda kosa la jinai. Kisha hufuata maandamano ya kurudi nyumbani, na hapa ndipo nazungumzia luku. Aliyetahiriwa hutembea polepole katikati ya umati, amefunikwa vitenge vipya, mwavuli juu ya kichwa hata kama hakuna jua, noti zimening'inizwa shingoni. Firimbi. Pembe. Matawi ya miti. Vijana waliovaa mawigi na miwani ya plastiki wanaruka mbele kama wamepagawa. Shangazi wa mbali ambaye hajawahi kulijua jina lako anakuja na kanga mpya, anakuita mtu mzima.

Nami niliivaa luku hiyo, upande wa wavulana. Nakumbuka mwavuli ulikuwa mweusi wenye mpini wa mbao. Nakumbuka maumivu, ndiyo, lakini zaidi nakumbuka kwamba njia nzima ilikuwa yangu. Babu aliyekuwa akinituma ng'ombe kila siku bila kunitazama alisimama pembeni akanipisha. Hakuna shahada niliyowahi kupewa baadaye iliyonifanya nijione vile. Nasema hivi kwa sababu vipeperushi vya semina huandikwa kana kwamba furaha ile ni ya kuigiza, kana kwamba watu wamenyweshwa dawa. Hapana. Ile furaha ni ya kweli. Upendo wa shangazi ni wa kweli.

Miaka kadhaa iliyopita nilizungumza na msichana mmoja aliyekuwa darasani kwangu, akaacha shule, akarudi kuomba barua ya utambulisho. Alikuwa na mtoto mgongoni. Sikumuuliza, yeye ndiye aliyeanza. Alisema nyumbani kwao walikuwa watoto tisa, yeye katikati, na hakumbuki siku baba yake aliyowahi kumtaja kwa jina bila kumtuma kitu. "Mwalimu, siku ile baba alinitazama. Alinitazama tangu kwenye mti ule mkubwa mpaka mlangoni." Akanyamaza kidogo, akamhamisha mtoto bega. "Walikuwa wananiita msagane. Siku ile hakuna aliyeniita hivyo." Msagane ni msichana ambaye hajakeketwa, na likitamkwa kisimani au njiani kutoka shuleni neno hilo hukata.

Sasa mwanafalsafa aje. Binti huyu hakudanganywa. Aliahidiwa kutazamwa na akatazamwa. Aliahidiwa zawadi, akapewa. Ukimwambia kwamba luku ile ilikuwa kiini macho utakuwa unamtukana mara ya pili, kwa sababu aliiona kwa macho yake na ilikuwepo. Kama kosa la luku ni uongo, basi hapa hakuna kosa. Lakini kosa lipo, na ni kubwa, kila mtu mwenye akili timamu analiona. Kwa hiyo lazima tulitafute mahali pengine.

Kwa muda nilidhani nimelipata. Nilijiambia: luku halali ni ile inayovulika. Usiku unaitundika msumarini, unabaki yule yule uliyekuwa asubuhi. Isiyovulika si luku tena, ni alama. Niliipenda hoja hiyo mpaka mzee mmoja jirani yangu, mtu wa maneno machache, alipoiua kwa sentensi moja. "Meno ya Nyerere yalivulika?" Mwalimu alichongwa meno ya mbele kama ilivyokuwa desturi ya Wazanaki, akafa nayo, na hakuna anayesema alidhulumiwa. Mimi mwenyewe nilichokatwa Desemba ile hakijarudi. Nilimjibu mzee kwamba meno yale hayakumzuia Mwalimu kula wala kuhutubia. Alicheka, akasema basi tatizo langu si kuvulika. Ni kweli, si kuvulika.

Nikarudi kwenye mita. Luku ya umeme ina uadilifu mmoja ambao ile nyingine haina: anayelipa ndiye anayewaka. Ukiweka ya elfu tano unapata mwanga wa elfu tano, na zikiisha giza linaingia kwako, si kwa jirani. Katika maandamano ya saro ya msichana hesabu imevurugwa. Nani anang'ara? Ukoo unang'ara. Baba anang'ara, kwani binti sasa anaweza kuulizwa, na mahari ya ng'ombe inaanza kuhesabika. Mama anang'ara mbele ya wamama wenzake. Ngariba anapata chake. Na binti pia anang'ara, siku moja, labda wiki. Lakini anayelipa ni yeye peke yake, kwa damu siku ile, kwa hatari ya kidonda, kwa hatari nyingine miaka mingi baadaye chumba cha kujifungulia, mahali ambapo hakuna firimbi wala mwavuli. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 28. Tunashuka, kwa mwendo wa mtu aliyevaa kiatu kisichomtosha.

Upande wa wavulana nao una bili yake, sitaki kuuficha. Lakini mvulana akitoka pale njia inafunguka. Ukoo humwambia: sasa nenda. Msichana huambiwa: sasa njoo uchukuliwe. Mwavuli ni ule ule, noti shingoni ni zile zile, na ndiyo maana mtu anayetazama maandamano kwa mbali hawezi kujua ni yupi anayepewa na ni yupi anayetolewa.

Wanaopambana na ukeketaji huku kwetu wameuelewa mwanga huu kuliko wahubiri. Kituo cha Masanga kule Tarime, na nyumba salama hapa Mugumu, hupokea mamia ya wasichana msimu ukifika, na hawaishii kuwaficha. Huwafundisha, na mwisho hufanya sherehe ya mahafali: nguo, ngoma, keki, vyeti, wageni rasmi. Wameamua kupambana na luku kwa luku. Wapo wanaowacheka kwamba huo ni mchezo wa kuigiza. Mimi nawavulia kofia. Hata hivyo kwenye sherehe moja ya namna hiyo, ambayo sitasema ilikuwa ya nani, nilikaa nyuma nikaangalia macho yalikotoka. Mengi yalikuwa ya kamera. Viti vya wazazi vilikuwa na watu, lakini havikujaa, na msichana mmoja aliyepokea cheti aliangaza macho safu ile kwanza kabla ya kumpa mkono mgeni rasmi. Mtu ukimnyima binti macho ya baba yake huwezi kuyafidia kwa macho ya mfadhili, hata yawe mengi kiasi gani. Luku haikubaliwi na umati wowote tu. Inakubaliwa na watu ambao kukataliwa nao kunauma. Kwa sababu hiyo naamini kazi ngumu kuliko zote haiko kambini. Iko kwa baba anayeweza kujifunza kumtazama binti yake siku ya kawaida, Jumanne, akiwa amebeba ndoo.

Hilo ni rahisi kuliandika. Desemba hainingojei niandike.

Binti mwingine niliyemfundisha ana cherehani ya umeme kwenye fremu moja ndogo hapa mjini. Msimu mmoja alikimbilia nyumba salama, akakaa huko, akajifunza kushona, na baba yake alichukua miaka minne kabla ya kukanyaga fremu yake. Siku hizi mzee huja, hukaa kwenye benchi, huomba maji. Fundi huyu ana luku zote mbili kwenye daftari lake, kwani umeme ukikatika kazi inalala, na nguo isipokubali mteja harudi. Mwaka wa saro huwa ndio mwaka wa biashara. Wamama wanakuja na vitenge: gauni la mama, shati la baba, na kitu kizuri cha binti cha kuvaa siku ya kutolewa.

Mwaka wa saro uliopita nilimpelekea suruali ya kupunguza, nikamkuta na rundo. Nikamuuliza anafanyaje na zile za wasichana. Nilidhani ataniambia anazikataa, au atasema kazi ni kazi. Akakata uzi kwa meno kwanza.

"Mwalimu, nikikataa wataenda kwa fundi wa pale mbele. Nazipokea zote. Ila sishoni kwa kukadiria. Namwambia mama, huyo binti aje mwenyewe nimpime, na aje peke yake, hiki chumba ni kidogo."

"Halafu?"

"Halafu nampima," akasema. "Mimi vipimo vyangu huchukua muda mrefu."